Kijiji Ndani ya Jiji: Maneno ya Makazi na Maisha ya Soweto Magharibi, Kibera

Utangulizi

Mkazi wa Ongata Rongai, Kiserian au Kikuyu, miji midogo iliyo kando ya Nairobi, anapofunga mlango wake asubuhi na kushika njia ya kazini husema, "Naenda tao." Kauli hiyo haina ajabu. Anatoka katika mji mdogo wa kaunti jirani, uwe wa Kajiado au wa Kiambu, na kuingia katika jiji kuu. La ajabu ni kwamba mkazi wa Soweto Magharibi, kule Kibera, kilomita chache tu kutoka katikati ya Nairobi, naye husema vivyo hivyo. Kwa mujibu wa ramani, huyu wa pili yumo jijini tayari. Gavana wake ni wa Nairobi na kura yake huipiga Nairobi. Hata hivyo, ulimini mwake jiji liko mbele yake, na pale anapolala ni "kijijini".

Je, mzungumzaji huyu amekosea? Makala haya yanashikilia kwamba hakukosea hata kidogo. Lugha yake imehifadhi ukweli ambao ramani imeuficha. Ni azma yetu kueleza jinsi maneno mji, jiji, kijiji, mtaa, nyumba na nyumbani yanavyotumika katika muktadha wa Kibera, tukiitumia Soweto Magharibi kama kielelezo, na kuonyesha kwamba uteuzi wa neno moja badala ya jingine unaweza kuamua ni nani mwenyeji na ni nani mgeni. Suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwani ndio watakaoandika habari, kutafsiri sheria na kutunga vitabu vya kiada kesho.

Mji, Kijiji na Jiji

Tuanze na mofolojia. Shina la maneno haya matatu ni moja, nalo ni -ji. Katika hali ya wastani shina hili huchukua kiambishi cha ngeli ya M-MI tukapata mji. Tunapolikuza, kiambishi m- hudondoshwa, na kwa kuwa shina lina silabi moja tu, huongezwa ji- ya ukubwa tukapata jiji, sawa na mtu anavyokuwa jitu na mto unavyokuwa jito. Tunapolidunisha, ki- ya udogo haiambatani na shina hilo fupi moja kwa moja, bali hutanguliza ji-, tukapata kijiji, kama kijitu na kijito. Kimofolojia, basi, neno kijiji limelibeba neno jiji tumboni mwake.

Kisemantiki, mambo si mepesi hivyo. Udogo na ukubwa wa maneno haya haupimwi kwa idadi ya watu peke yake. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, ikawa manispaa mwaka 1919, na ikapewa hati ya jiji mwaka 1950. Nakuru ilipata hadhi hiyo mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024. Hivyo nchini Kenya jiji ni cheo kinachotolewa kwa hati. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, inaruhusu mahali penye wakazi 10,000 kuwa mji na penye wakazi 50,000 kuwa manispaa. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu watu 170,070 Kibera. Kwa hesabu pekee, Kibera ingeshinda miji mingi inayoheshimiwa kwa jina hilo. Lakini sehemu zake, Soweto Magharibi ikiwemo, bado huitwa vijiji.

Ni vyema pia tukumbuke kwamba jirani zetu wa Tanzania wanalitumia neno hili kwa maana tofauti. Huko kijiji kina uzito wa kisheria. Kina mkutano mkuu, kina halmashauri, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakitambua kuwa msimamizi wa ardhi yake. Anayeishi ndani ya jiji huko huwa na mtaa wenye mwenyekiti wake. Nchini Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inavitaja vijiji kama ngazi ya chini ya utawala, lakini "kijiji" cha Kibera hakikuzaliwa na sheria hiyo. Kilizaliwa na vinywa vya wakazi miaka mingi kabla yake. Kina mzee wa kijiji na kina mipaka inayojulikana na kila mtoto, ila hakina ardhi kinachoimiliki. Neno ni moja, haki ni mbili.

Kutoka Kibra hadi Kibera

Ili kuelewa kwa nini watu wa mahali palipo katikati ya Nairobi wajione wanaishi kando yake, yatupasa kurudi nyuma. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Nairobi, mahali tunapopaita Kibera palikuwa msitu nje ya mji. Mapema katika karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwakalisha hapo askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliolitumikia jeshi la Mfalme katika Afrika Mashariki, pamoja na jamaa zao. Wao waliuita msitu huo Kibra, neno la lugha yao ya Kinubi, ambayo ni krioli ya Kiarabu. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi.

Kwa hiyo Kibra ilianza kama makazi ya shamba karibu na mji. Watu walijenga nyumba zenye nafasi, wakalima na kufuga, na mjini wakaenda kwa shughuli. Halafu mji ukakua. Haukuhama msitu, bali mji ndio uliousogelea, ukauzunguka na hatimaye kuumeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilisema kwamba Wanubi walikuwa wapangaji tu kwa hisani ya serikali. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wahamiaji kutoka pande zote za nchi waliongezeka, vyumba vya kupangisha vikajengwa kwa wingi, na vile vijiji vikagusana hadi pasibaki nafasi kati yao. Ni mwezi Juni mwaka 2017 tu ambapo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Hiyo ni chini ya asilimia 7 ya zile ekari za mwaka 1918.

Historia hii yote imeacha alama katika jina lenyewe. Kibra ina mfuatano wa konsonanti -br-, ambao wazungumzaji wengi wa lugha za Kibantu huuvunja kwa kuchopeka vokali. Ndivyo neno la Kiarabu waqt lilivyokuwa wakati, na rizq likawa riziki. Kwa kanuni hiyo hiyo Kibra ikawa Kibera. Mabadiliko hayo ya kifonolojia ni ya kawaida kabisa, na mwanaisimu hawezi kuyalaumu. Lakini kwa Mnubi, irabu hiyo moja iliyoongezwa ni ushahidi wa umati uliokuja baadaye na kulisahau jina la kwanza. Eneo bunge lililotumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2013 lilipoitwa Kibra, wengine waliona ni kosa la tahajia. Halikuwa kosa. Lilikuwa dai la uenyeji lililoandikwa kwa kuondoa herufi moja.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wanubi wa Kibra walipewa jembe, wakalima, wakazeeka na kuzikwa papo hapo, lakini kwa muda wa karne nzima karatasi ziliendelea kuwaita wageni.

Majina ya Vijiji

Mpita njia anayetembea Kibera husoma jiografia ya Kenya, na hata ya Afrika, katika majina ya vijiji. Kisumu Ndogo huwakumbusha wakazi wake mji wa ziwani. Mwanafunzi wa sarufi atagundua kwamba jina hilo ni "Ndogo" wala si "Mdogo", kwa sababu majina ya mahali aghalabu huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Kambi Muru inabeba kumbukumbu ya Sudan. Mashimoni ni nomino ya mahali iliyoundwa kwa kiambishi tamati -ni, na inalieleza umbo la ardhi yenyewe. Laini Saba huhusishwa na mahali askari walipofanyia mazoezi ya shabaha. Kijiji cha Raila kilipewa jina la mwanasiasa aliyekuwa mbunge wa Lang'ata tangu mwaka 1992 hadi 2013, wakati Kibera ilipokuwa sehemu ya eneo bunge hilo.

Soweto nalo ni jina lililosafiri mbali. Huko Afrika Kusini, liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha silabi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, yaani makazi ya Waafrika yaliyotengwa na jiji la Johannesburg. Watu wa Soweto walifanya kazi Johannesburg mchana na kurudi makwao usiku. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni mwaka 1976, jina hilo lilienea duniani kama alama ya watu wanyonge waliokataa kunyamaza. Nairobi ina Soweto zaidi ya moja, kwani zipo pia Kayole na Kahawa. Hatuhitaji kukisia sana kujua kwa nini. Wakazi waliona uhusiano uleule kati ya mahali pa kulala na jiji linalowaajiri.

Kibera yenyewe ina Soweto mbili. Soweto Mashariki iko upande mmoja na Soweto Magharibi, jirani ya Kianda, iko upande mwingine, na vijiji vingine viko katikati. Upande wa dira, ambao katika majina mengi ni pambo tu, hapa umekuwa na uzito mkubwa. Mpango wa kuboresha makazi duni, ulioandaliwa na serikali kwa ushirikiano na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ulianzia Soweto Mashariki. Mwezi Septemba mwaka 2009 wakazi wa sehemu yake moja walihamishiwa kwenye nyumba za ghorofa za Lang'ata ili mahali pao pajengwe upya, na mwaka 2016 nyumba zaidi ya 800 zikakabidhiwa. Aliyesoma habari hizo gazetini chini ya neno "Soweto" pekee angedhani kwamba watu wa Magharibi nao wamepata nyumba. Wala hawakuwemo. Neno moja la mahali likiachwa katika habari, kijiji kizima hufutika.

Nyumba, Nyumbani na Kwetu

Fasihi yetu imezoea kuutenga mji na kijiji. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, msichana anaacha malezi makali ya kwao Ukerewe na kukumbana na ulimwengu uliomzidi nguvu. Kazi nyingi zilifuata mkondo huo, ambapo shamba ni maadili na mji ni upotovu. Maisha ya Soweto Magharibi hayaingii katika mgawanyo huo kwa urahisi. Chumba cha futi 10 kwa 10 kimepakana na kingine kwa ukuta wa udongo au bati, hivyo mtoto akilia usiku majirani watatu wanaamka. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na foleni ya mtungi ndiyo baraza ambapo habari za ugonjwa, ndoa na kazi hupashwa. Mama mboga anajua ni nani hajapika tangu jana na humkopesha sukumawiki hadi Jumamosi. Chama cha akina mama huchanga fedha za matanga. Hayo ni mambo ya kijiji kwa maana yake kamili, nayo hufanyika huku taa za jiji zikionekana kutoka mlangoni.

Hata hivyo, ukimuuliza mkazi huyo, "Nyumbani ni wapi?" aghalabu hatasema Soweto. Atasema Kakamega, Siaya, Machakos au Kisii, au kwa lugha ya vijana, ushago. Kiswahili kinamruhusu kufanya tofauti hii kwa kiambishi tu. Nyumba ni jengo, ilhali nyumbani ni mahali pa asili. Katika Kenya, silabi hiyo moja iliwahi kupiganiwa mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi mwezi Disemba mwaka 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao Upper Matasia, karibu na mji mdogo wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia kwamba Nairobi na Ngong alikuwa na nyumba tu, na kwamba nyumbani kwake ni Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na mwezi Mei mwaka 1987 akazikwa Nyalgunga. Nchi nzima ikajifunza kwamba mtu anaweza kuishi mahali miaka mingi, akanunua ardhi, akazaa na kulea hapo, na bado lugha ikamwambia kwamba hakuwa kwao.

Kwa mkazi wa Soweto Magharibi mafunzo hayo yana ncha mbili. Ncha ya kwanza ni faraja. Kuwa na "kwetu" kwingine humlinda mtu asione chumba cha kukodi kuwa ndio mwisho wa maisha yake. Ncha ya pili ni hatari. Ikiwa kila mtu ana nyumbani kwingine, basi anayebomoa chumba chake anaweza kujiambia kwamba hakubomoa makazi ya mtu, amemrudisha kwao tu. Mwezi Julai mwaka 2018 matingatinga yalipobomoa nyumba za maelfu ya watu Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, swali "Sasa tutakwenda wapi?" lilisikika sana. Wako wasiokuwa na jibu. Mnubi hana ushago. Mtoto wa kizazi cha tatu aliyezaliwa Kibera, ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza na ambaye lugha ya babu yake huisikia kwa wageni, naye ana ushago wa jina tu. Kwao, nyumba na nyumbani ni kitu kimoja.

Banda, Kijiji au Mtaa?

Magazeti na vitabu vya Kenya yana istilahi yao kwa mahali kama hapa, nayo ni "mtaa wa mabanda". Tuitazame kwa makini. Banda katika Kiswahili ni kijumba cha muda cha kuwekea vitu au wanyama. Twasema banda la kuku, banda la ng'ombe, banda la maonyesho. Atumiaye istilahi hii huenda hana nia mbaya, lakini kabla hajaeleza lolote kuhusu watu, amekwisha kuwaweka mahali pasipo pa watu. Tanzania husema "makazi holela", na hapo lawama humwendea mjenzi, kana kwamba yeye ndiye aliyekataa kupimiwa kiwanja.

Maneno mazito hufuatwa na takwimu nzito. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipotoa ile idadi ya 170,070, wako walioipinga, lakini ilikuwa dhahiri kwamba wengi waliirudia milioni hiyo kwa sababu waliisoma mahali fulani, wala si kwa kuwa walihesabu. Mwaka huohuo vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya vijiji vyao katika mradi wa Map Kibera, kwa kuwa ramani nyingi ziliacha mahali pao peupe. Kwanza mahali palitiwa chumvi, halafu pakaachwa wazi. Yote mawili ni namna za kutopaona.

Neno kijiji, ambalo wakazi walijichagulia, linakwepa dharau hiyo. Linasema kwamba hapa pana wazee, pana mipaka, pana ujirani na pana kumbukumbu. Lakini nalo lina upungufu wake. Linaufanya umbali uonekane wa kimaumbile, kana kwamba ukosefu wa bomba na mtaro ni hali ya shamba wala si uamuzi wa jiji. Mtu wa shamba huweza kungoja. Mkazi wa jiji hudai. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na maji safi, bila kuuliza kama anaishi kijijini au jijini.

Historia ya Zanzibar inatupa mfano wa kulinganisha. Ng'ambo ilipata jina lake kwa kuwa upande wa pili wa mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe. Waliokaa Ng'ambo walivuka kwenda kufanya kazi mjini. Ule mkono wa bahari ulijazwa, jiji likaenea, na leo Ng'ambo ni kubwa kuliko Mji Mkongwe wenyewe. Jina limebaki, lakini hakuna asemaye kwamba mtu wa Ng'ambo si mtu wa mjini. Kumbe jina la ukando si lazima liwe hukumu ya kudumu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mkazi wa Soweto Magharibi asemaye "Naenda tao" anaeleza historia ya msitu uliozungukwa na mji, wa makazi yaliyomezwa kabla ya kukaribishwa. Anaishi katika mji mdogo kando ya jiji kubwa, ila ukando huo haupimwi kwa kilomita.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi na wafasiri wazitaje sehemu za Kibera kwa majina yake kamili, Soweto Magharibi iwe Soweto Magharibi, na neno la jumla likihitajika, mtaa latosha bila mabanda. Pili, vitabu vya kiada vinapofunza umoja, wingi, ukubwa na udogo, mwalimu asiishie kwenye kiambishi, bali aulize darasani ni nani anayelipa jina la udogo jambo ambalo si dogo. Tatu, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vikusanye simulizi za majina ya vijiji vya Kibera, hasa kutoka kwa wazee wanaozungumza Kinubi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, subira na adabu ya kusikiliza.

Kubadilisha neno hakuleti maji mferejini, na hatudai hivyo. Lakini aitwaye mgeni huulizwa ataondoka lini, na aitwaye mwenyeji huulizwa anahitaji nini. Kati ya maswali hayo mawili pana tofauti kubwa, na funguo za swali la pili zimo katika lugha tunayoisomea.